Alama Chini ya Jiko

Lori lilikata kona ya Gatongora bila kupunguza mwendo, likammwagia maji ya mtaro mama mmoja aliyekuwa akipanga nyanya zake kando ya barabara.

Dereva hakugeuka.

Ngendo aliona yote. Alikuwa mita sitini nyuma, juu ya Boxer nyeusi, koti la rifleksi kifuani, helmeti iliyochubuka kichwani. Kwa yeyote aliyemtazama, alikuwa mwanabodaboda anayetafuta mteja wa kwanza. Mbele ya ile helmeti kulikuwa na kamera ndogo kama punje ya mahindi. Chini ya koti, kiunoni, kulikuwa na bastola aina ya Ceska.

Saa moja na dakika kumi asubuhi.

Redio ikakwaruza sikioni.

"Mchwa, Kinara hapa. Uko wapi?"

"Nyuma ya mzigo. Tunaelekea Kamakis."

"Umeona mangapi?"

"Majiko arobaini na tatu. Yametolewa kwa nyumba za watu kuanzia saa kumi na moja."

"Usilisimamishe. Lifuate mpaka liingie kwake."

"Sawa."

Kinara ni Mzee Gichuru, mkuu wa Kitengo, mtu wa maneno machache na chai ya strungi, isiyo na maziwa wala mwisho. Kitengo chenyewe ni cha siri cha serikali: hakina ubao mlangoni, na wanaokifanyia kazi wakiulizwa husema wako kwa bima.

Ubavuni mwa lori palikuwa na picha ya mama mnene anayecheka, jani la kijani, na maandishi makubwa: PIKA BILA MOSHI. Chini yake, jina la kampuni: Kestrelle. Ngendo aliitazama ile picha na mate yakamwia machungu.

Biashara ya Kestrelle ilikuwa hivi. Walitoka ng'ambo wakagawa majiko ya bure kwa mama wa Kiambu. Kila jiko lililoingia katika nyumba lilihesabiwa kuwa moshi uliopunguzwa duniani, na ule upungufu wakauuzia viwanda vya kwao ili viendelee kutoa moshi kama kawaida. Kwa hivyo Gatongora inazima kuni ili mtu mwingine, mbali huko, asizime chochote. Na yote hayo yalikuwa ndani ya sheria. Serikali ilikuwa imefungua lango kwa moyo mweupe: majiko safi na vipuri vyake yaingie bila kodi na bila kontena kufunguliwa. Sera nzuri kabisa. Wezi ndio pekee waliojipa kazi ya kuisoma mpaka ukurasa wa mwisho.

Katikati ya kuta mbili za jiko hilo kulikuwa na unga wa kijivu. Kizuia joto, walisema. Baada ya miezi miwili kuta zilipasuka, na ule unga ukaanza kudondoka ndani ya sufuria.

Mama wa Gatongora wakaanza kukohoa na kushikwa na tumbo. Halafu Jentrix, miaka mitano, binti wa Nafuna, mmoja wa mama hao, akaacha kula, akaacha kutembea, akaanza kushikwa na degedege. Sasa alikuwa amelala wodini Thika, mikono myembamba kama vijiti vya mwiko.

Jumatatu Ngendo alikuwa amesimama kando ya kitanda hicho. Daktari Perez, mama mrefu mwenye macho yaliyochoka, alimvuta hadi kwenye korido.

"Nashuku ni sumu, lakini gani? Nina dawa tatu za kujaribu, na mbili zitamuua nikikosea," alisema. "Huo unga uko maabara Nairobi. Majibu ni siku kumi. Huyu mtoto hana siku kumi, dada. Wenye jiko wanajua waliweka nini. Niletee tu jina la hiyo kitu."

Kestrelle waliulizwa. Wakajibu kwa barua yenye nembo: majiko ya Gatongora si yao, ni bidhaa ghushi za wahuni.

Siku mbili baadaye wakatuma lori kuyakusanya majiko hayohayo yasiyo yao. Ati yanapelekwa sevis, yatengenezwe.

Hiyo ndiyo iliyokuwa kazi ya Ngendo. Jina la unga. Kila kitu kingine kingengoja.

Kwenye kioo cha pikipiki aliiona Subaru ya buluu. Ilikuwa imekataa kumpita tangu Gatongora. Dereva wa Subaru kwenda kilomita thelathini kwa saa kwenye lami tupu ni jambo la kumshtaki mtu.

"Kinara, nina wageni. Wawili, walinzi wa lori."

"Wape chai."

Kamakis ilikuwa inaamka. Wenye mikahawa ya nyama choma walikuwa wakiwasha makaa na kutundika mbuzi. Ngendo aliliacha lori liende, maana kitufe cha sumaku cha kulifuatilia, alichokibandika chini ya bampa lake alfajiri, kilikuwa kikisoma vizuri kwenye Samsung yake. Akakata kulia, katikati ya viti vya plastiki.

Subaru ikafuata.

Alipita nyuma ya jikoni, akainama chini ya kamba ya matumbo, akachomoza kwenye sehemu ya kuoshea magari. Mkono wake wa kushoto ukaachia miba minne ya chuma.

Pss. Pss.

Subaru iliserereka ikapiga pikapu iliyokuwa ikishusha mbuzi. Mbuzi wakatawanyika. Mmoja alipanda juu ya boneti ya Subaru, akasimama hapo akiwatazama wale wanaume wawili kupitia kioo.

"We madam! Hapa si barabara!" mchinjaji mmoja alipiga kelele, kisu mkononi.

"Pole, mzee. Niwekee mbavu, nitarudi."

Akaingia Thika Road na kufungua mafuta.

*

Lori liliingia Thika, nyuma ya kiwanda cha nguo kilichofungwa zamani, kwenye godauni la mabati lisilo na jina. Geti, mlinzi, kamera mbili za Hikvision.

Ngendo aliegesha Boxer mbali. Alivua koti na helmeti, akafunga leso kiunoni na kitambaa kichwani, akahamishia humo ile kamera, akatoa kwenye kiti cha nyuma chupa kubwa ya chai na ndoo ya mandazi aliyoinunua stendi. Unaweza kujenga ukuta wenye umeme na kuweka mbwa wa kizungu, lakini hakuna mlinzi katika nchi hii anayemsimamisha mama wa chai saa mbili na nusu asubuhi.

"Leo umechelewa," mlinzi alimlalamikia huku akimfungulia.

"Gas iliniishia, boss."

"Hata wewe? Si ukuje upewe jiko."

Mlinzi akacheka kichekesho chake. Ngendo akamwachia mandazi mawili akaingia.

Ndani harufu ya rangi ilimkaba koo. Wanaume sita walikuwa kazini, vitambaa vichafu midomoni. Mmoja alijaza nyufa kwa simenti. Mwingine alipiga rangi ya kijani kwa pampu. Wa tatu alibandika kwenye kila jiko karatasi inayong'aa: JIPYA. Kwenye pembe, mama wawili wenye mafagio waliuzoa unga wa kijivu ulioanguka, wakaurudisha ndani ya kuta za majiko kwa vikombe.

Wanaurudisha. Ngendo alisimama na ndoo yake mkononi. Alikuwa ameona maiti katika kazi hii, na watu wanaouza bunduki kwa pande zote mbili. Hakuwahi kuona sumu ikipimwa kwa kikombe.

"Mathe, leta mbili na chai," alisema aliyekuwa na pampu ya rangi. Ovaroli yake ilishonwa jina: Mutisya. Alikohoa kabla ya kupokea kikombe.

"Hizi ni za kwenda wapi?" Ngendo aliuliza akimimina.

"Hapa tu uwanjani. Saa tano Katibu wa wizara anasaini, mama mia sita wanapewa. Jiko likiingia kwa nyumba ingine linahesabiwa tena. Mzungu anasema hiyo ndiyo maths."

"Lakini si hizi ni za zamani?"

"Rangi ni mpya." Mutisya alicheka, kicheko kikageuka kikohozi, akainama mpaka kikaisha. "Mimi sijui, mathe. Mimi ni rangi."

Ngendo alilivuta jiko moja kama mtu anayetafuta pa kuweka chupa yake. Akaliinamisha.

Chini, mahali rangi ya kijani haikufika, palikuwa na duara la rangi ya kucha, cutex ya pinki, na namba ndani yake.

7.

Namba hiyo alikuwa ameiona Jumatatu, chini ya sufuria nyumbani kwa Nafuna. Chama chao Gatongora kina mama hamsini na wanne. Kukiwa na matanga au ruracio, sherehe ya mahari, sufuria na sahani zote za mtaa huenda mahali pamoja, na siku ya kurudi nyumbani huwa ni vita. Ndio maana kila mama ana namba yake na kila chombo kina alama chini. Nafuna ni saba. Majiko yalipoletwa, mama hawakuketi kikao. Waliyapindua tu, wakapaka cutex, kwa sababu chombo kikiingia nyumbani hupakwa.

Huko Kestrelle walikuwa na mainjinia, mawakili na watu wa picha. Hawakuwa na mtu hata mmoja aliyewahi kuosha vyombo vya matanga.

Akabonyeza kitufe chini ya leso. Kamera ikachukua namba saba, kumi na tisa, thelathini, arobaini na mbili.

Sasa karatasi yenye jina la unga. Alienda na ndoo yake mpaka ofisi ya mbao iliyokuwa mwisho wa godauni. Meza tupu. Waya wa kuchaji laptop, bila laptop. Droo tupu.

"Wewe mama. Huku ni mandazi unatafuta?"

Halikuwa swali. Jamaa alijaza mlango wote, mkono ukiwa tayari ndani ya jaketi.

"Nilikuwa nakuletea chai," Ngendo alisema.

Akamletea. Lita mbili za moto, usoni.

Jamaa alipiga yowe. Goti likampata tumboni, chupa ya chai ikampata kisogoni. Akalala. Kelele ya pampu za rangi ilifunika kila kitu. Ngendo alimvuta ndani, akamfunga mikono kwa waya wa laptop, akafunga mlango kutoka nje na kuondoka kwa hatua za mama aliyemaliza kuuza.

"Chai imeisha?" mlinzi aliuliza getini.

"Kuna mtu ameichukua yote."

*

"Mchwa kwa Kinara. Majiko ni yaleyale. Nina picha za alama."

"Na jina la unga?"

"Hakuna karatasi. Mzungu anatembea nayo."

"Halvick mwenye Kestrelle ana walinzi na balozi mmoja. Ukimgusa bila karatasi, jioni yuko nje. Nani mwingine?"

"Wanyoike."

Wanyoike alikuwa mtu wa Kestrelle hapa nyumbani. Ndiye aliyesaini mizigo bandarini, ndiye aliyekuwa akihutubia mama kwenye mikutano, kijana wa nyumbani aliyefanikiwa.

"Wanyoike ana mawakili watatu. Hatavunjika."

"Ana mama mmoja," Ngendo alisema. "Mwezi jana aliweka picha Facebook. Anampa mamake jiko huko Murera. Aliandika ni la kwanza kutoka kwa shehena mpya."

"Hakuna shehena mpya, Mchwa. Hakuna kontena lingine lililoingia."

"Ndio maana naenda Murera."

Saa tatu na dakika ishirini. Boxer ilinguruma.

*

Nyumba ya Mama Warigia, mamake Wanyoike, ilikuwa ya mawe, yenye ua wa miiba ya kei-apple, katikati ya ploti zilizopimwa juzi na mashamba ya mahindi ambayo hayajauzwa. Prado nyeupe ilikuwa imeegeshwa nje. Wanyoike, suti ya buluu na viatu vyenye ncha, alikuwa mlangoni akitazama saa.

"Maitu, tutachelewa. Ni wewe utapanda kwa jukwaa wa kwanza."

"Wacha nimalize uji. Siendi kukaa kwa jua na tumbo tupu."

Ngendo aliingia kiamboni, helmeti mkononi.

"Wi mwega, maitu," alimsalimia mama kwa Kikuyu.

"Ii, ndi mwega, mwana wakwa. Kalibu, kalibu. Keti hapo. Utakunywa uji?"

Mama Warigia alikuwa mwembamba kuliko kwenye picha ya Facebook. Aliketi jikoni kwa nje, chini ya mabati, akikoroga. Mbele yake jiko la kijani. Ufa ulikuwa umeanza kwenye mdomo wa jiko, mwembamba, na kando ya ufa kulikuwa na vumbi la kijivu.

"Wewe ni nani?" Wanyoike alifika kwa hatua ndefu.

"Nimetoka Gatongora."

Uso wa Wanyoike ulibadilika kidogo tu, kisha ukarudi ulivyokuwa. "Mambo ya Gatongora tulijibu. Zile ni fake. Ongea na wakili."

"Nimekuja kuangalia jiko la maitu."

"Toka kwa boma yetu."

Ngendo hakutoka. Alishika sufuria ya uji kwa leso akaitua chini. Alilishika jiko akalilaza ubavu. Makaa yalimwagika mchangani. Wanyoike alinyoosha mkono kumzuia, koti la Ngendo likafunguka, akaiona ile Ceska, na mkono wake ukasimama hewani.

"Soma," Ngendo alisema.

Chini ya jiko palikuwa na duara la cutex ya zambarau. Ndani yake, 12.

Wanyoike alitazama bila kuelewa. Mwanamume. Lakini mamake alielewa mara moja.

"Hii ni ya mtu," Mama Warigia alisema. "Wanyoike, hii ni ya mtu. Umenipea jiko ya mtu."

"Ni ya Tabby, wa Gatongora," Ngendo alisema. Akamwonyesha Samsung yake: mwanamke mwenye shela la njano, kiburi usoni, ameinua jiko jipya juu ili chini yake kuonekane. Duara la zambarau. Kumi na mbili. "Alipigwa picha siku ya kupewa. Lilipasuka kabla ya mengine, mwezi jana, akaambiwa linaenda sevis."

"Hapana," Wanyoike alisema. "Hii ni mpya. Nilichagua mimi. Halvick aliniambia zile za kwanza zilisagwa. Aliapa. Aliniambia shehena ya pili iko sawa."

"Kwa hivyo ulijua ya kwanza haiko sawa."

Wanyoike alitazama Prado yake.

"Haiko sawa aje?" mamake aliuliza.

"Maitu, ngoja kidogo."

"Singoji. Haiko sawa aje?"

Kuku alipita akidonoa karibu na jivu. Mama Warigia alimfukuza kwa mwiko bila kuondoa macho kwa mwanawe.

"Mimi mdomo yangu imekuwa na ladha ya msumari mwezi mzima," alisema polepole. "Na tumbo. Na hii mikono inatetemeka. Nikasema ni uzee. Sikukwambia, nikaona kijana yangu ana kazi mingi." Alielekeza mwiko kwenye kigoda. "Wiki jana umeketi hapo, Wanyoike. Nikakunywa uji. Wewe ukasema umeshiba."

Ngendo aliona Wanyoike akikumbuka. Alikuwa ameshiba kweli? Au kuna kitu ndani yake, hata akiwa ameapiwa, kilikataa kuonja? Ni yeye anayejua. Akaketi kwenye vumbi na suti yake ya buluu, akainama kando na kutapika.

Hakuna aliyemsaidia.

"Karatasi ya bandari," Ngendo alisema. "Ile inayosema unga ni nini. Kuna mtoto wodini Thika. Na sasa kuna huyu."

Wanyoike alitoa simu. Alitafuta, akapata, akamkabidhi bila kuinua kichwa.

Kurasa mbili. Mhuri wa bandari ya huko ng'ambo. Jivu la tanuri la kuchomea taka za mji. Madini ya ledi, metali yenye sumu, kwa kiwango kikubwa. Lisikaribie makazi ya watu. Lizikwe ndani ya shimo lililofungwa kwa saruji. Na chini, sahihi ya mtu aliyelipwa kuchimba hilo shimo: R. Halvick.

Shimo lenyewe lilikuwa ni Gatongora. Halvick alilipwa huko kuzika uchafu, akauleta hapa ndani ya jiko, halafu akalipwa tena kwa sababu jiko linaokoa dunia. Na sisi tukampigia makofi.

Ngendo alipiga picha kurasa zote mbili. Akazituma kwa Kinara na kwa Daktari Perez, kisha akampigia daktari.

"Daktari, angalia simu. Ni ledi."

"Lead?" Sauti ilishtuka. Perez akasoma. "Ni lead. Nilikuwa naelekea kwingine kabisa. Dawa iko, Ngendo, dawa hii iko hapa kwa store. Naanza sasa hivi."

"Tengeneza kitanda kingine. Kuna mama anakuja. Miaka zaidi ya sitini."

Mama Warigia alikuwa amesimama. Alichukua sufuria, akatembea mpaka pembeni, mbali na sukuma wiki zake, akaumwaga uji wote.

"Nipeleke hospitali," alimwambia mwanawe. "Lakini tupitie kwa hiyo mkutano kwanza. Nataka kuona huyo mzungu kwa macho."

"Utapelekwa na watu wangu, maitu," Ngendo alisema. Land Cruiser ya Kitengo ilikuwa tayari inakata kona. "Na kijana wako pia, ila yeye atakaa nyuma."

*

Saa tano kasoro dakika tano. Uwanja mmoja Thika, hema nyeupe, viti vya plastiki, spika zilizokuwa zikipiga nyimbo za kanisa.

Mama mia sita kwenye foleni. Majiko mia sita kwa mistari, yaking'aa, kila moja na karatasi yake ya JIPYA. Jukwaani, Katibu mmoja wa wizara alikuwa na kalamu mkononi. Kando yake Halvick, shati la kitani, skafu ya kijani, laptop kwapani, akitabasamu kwa kamera.

Halafu mama wa Gatongora wakaingia.

Nafuna alikuwa mbele, bado na aproni ya kiwanda. Ngendo alikuwa amempigia simu moja tu na kumwambia maneno machache: vyombo vyenu viko Thika. Hakuhitaji kueleza zaidi. Hamsini na wanne waliingia kwenye ile mistari kama asubuhi ya baada ya mazishi, wakaanza kupindua majiko moja baada ya lingine.

"Kumi na tisa!"

"Hii ni yangu! Arobaini na mbili!"

"Mourine, yako iko huku!"

"Na mimi? Nani ameona tisa?"

Foleni ilivunjika. Mama wa Thika walikuja kuona. Mmoja alimwuliza Nafuna kuna nini, na Nafuna akamweleza kwa sauti iliyofika jukwaani bila spika.

"Hii jiko ilikuwa kwa nyumba yangu! Ilipasuka, ikamwaga sumu kwa chakula, mtoi wangu yuko hosi! Wamepaka rangi wanawaletea nyinyi! Angalieni chini! Angalieni!"

Kalamu ya Katibu ilirudi mfukoni haraka kuliko ilivyotoka.

Halvick hakukimbia. Watu wa aina yake hawakimbii. Alitazama saa, akashuka nyuma ya jukwaa, akatembea mpaka kwenye Mercedes nyeusi iliyokuwa ikinguruma, akaingia kiti cha nyuma.

"Airport," alisema. "Haraka."

"Mlango gani, sir?"

Haikuwa sauti ya dereva wake; huyo watu wa Kitengo walikuwa wameshamwondoa. Milango ikajifunga, tak. Ngendo aligeuka kutoka kiti cha mbele. Ceska ilikuwa imelala mapajani mwake, na mkononi alikuwa na kikombe cha plastiki chenye unga wa kijivu, aliouchota kwenye jiko la Murera.

"Mnaita insulation," alisema. "Onja kidogo, tuanze safari."

Halvick alikitazama kile kikombe. Akajibana mpaka mwisho wa kiti, mgongo kwenye mlango, skafu puani. Hofu yake ilimchukiza Ngendo kuliko kitu chochote cha siku hiyo, maana ilikuwa hofu ya mtu anayejua kabisa.

"Hujui unagusa nani," Halvick alisema kupitia skafu.

"Namjua. Ana namba saba na miaka mitano."

Watu wa Kitengo walifungua mlango kutoka nje wakamshika.

Ngendo alipotoka kwenye gari, spika zilikuwa zimewaka tena. Katibu alikuwa ameshika maikrofoni, jasho kwenye paji. "Serikali yenu haijalala!" alinguruma. "Sisi wenyewe ndio tumewanasa hawa! Na hakuna jiko litakaloingia bila kukaguliwa kuanzia leo!" Dakika kumi zilizopita huyo ndiye aliyekuwa na kalamu. Kwenye kiti cha mbele cha Land Cruiser ya Kitengo, Mama Warigia alimtazama, akageuka na kutema mate chini.

Nafuna alikuja mbio.

"Dada, nipeleke kwa mtoto."

Ngendo alimpa helmeti ya pili.

*

Wodini, Jentrix alikuwa na mrija mkononi. Degedege haikuwa imerudi tangu dawa ianze. Daktari Perez hakutaka kuahidi. Alisema wangojee wiki, kwamba madhara mengine huenda yakabaki, lakini kwa mara ya kwanza alisema neno "akitoka" badala ya "kama".

Mtoto alifungua macho.

"Mama. Uji."

Nafuna alifunika uso kwa mikono yote miwili. Mlangoni tayari alikuwa amesimama Tabby, shela la njano begani, amebeba sufuria iliyofunikwa kwa kitambaa.

"Nilipika kwa kuni," alisema kama anayeomba msamaha. "Moshi ilinitoa machozi. Lakini ni safi."

Nafuna alipokea sufuria. Kabla ya kuifunua aliiinua kidogo akachungulia chini, kwa mazoea tu. Zambarau. Kumi na mbili.

"Nitairudisha leo," alisema.

Ngendo alitoka kwenye korido. Kulikuwa na sinki ukutani na kipande cha sabuni. Alifungua mfereji, akasugua viganja, katikati ya vidole, chini ya kucha, maji yakatoka ya kijivu. Akapaka sabuni tena.

Redio ikakwaruza.

"Mchwa, Kinara hapa. Katibu anakutafuta uwanjani. Anataka apigwe picha na wewe."

"Mwambie naosha mikono."

"Itachukua muda gani?"

Ngendo aliyatazama maji. Bado yalikuwa na kijivu kidogo.

"Sijui," alisema, akazima redio, akachukua sabuni kwa mara ya tatu.